Wangari Maathai na Hesabu ya Miche Iliyoishi

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Leo nimeshika kalamu nikusimulie maisha ya mama mmoja ambaye jina lake umelijua tangu shule ya msingi, lakini pengine hujapata kuketi ukayapima maisha yake. Huyu si mwingine ila marehemu Profesa Wangari Muta Maathai. Alipoaga dunia mwaka 2011 mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, kwa hivyo sikumbuki kumwona wala kumsikia redioni. Nimemjua kwa kusoma na kwa kuulizauliza. Na katika kuulizauliza huko nilikutana na jambo ambalo sikulitarajia, nalo nitalifikia.

Kwanza nieleze kwa nini nilimchagua yeye. Nyote mnajua jinsi mwaka ulivyotuanzia. Jua liliwaka wiki baada ya wiki, majani chai yakawa machache hata mama akawa anakwenda kituoni na kikapu nusu. Mvua iliporudi ilirudi na mawe. Kwa muda mfupi tu, mfupi kuliko kipindi kimoja cha darasani, shamba letu likawa kama limecharazwa viboko. Baba alisimama mlangoni, mikono nyuma, asiseme neno. Ni kweli wazee husema mvua ya mawe si ngeni Kericho na Bomet, na nisiwe mwongo wa kusema kila jiwe lililoanguka ni kosa la dunia kupata joto. Lakini wazee hao hao husema kwamba siku hizi hawawezi tena kutabiri mvua kama zamani. Nao wanakumbuka Januari ya mwaka 2012, wakati baridi kali ya usiku iliunguza chai katika nchi yetu hii ya milima, mashamba yakawa ya rangi ya kahawia kana kwamba moto umepita.

Wiki ile ile ya mawe, tulifundishwa darasani kwamba mwaka 2024 ndio uliokuwa na joto kuliko mwaka wowote tangu watu waanze kupima. Jirani yangu wa dawati akainua mkono. Akauliza ni kwa nini tujisumbue kupanda miti, hali Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 4 ya gesi zinazoipasha dunia joto, na wenye viwanda vikubwa wala hawatujui kama tupo. Darasa zima likanyamaza. Mimi nilikubaliana naye moyoni. Nilijiona kama mtu aliyeambiwa azime nyumba inayoungua kwa kikombe cha chai.

Basi mlezi wa chama chetu alipotutaka kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa, nikamchukua Wangari. Sitaki kudanganya, nilidhani itakuwa kazi rahisi: mama wa miti, tuzo ya Nobel, kwisha. Wengi wenu mnajua ile hadithi aliyopenda kuisimulia, ya ndege mdogo aliyebeba matone ya maji kuzima moto wa msitu. Mimi sitaisimulia hapa. Nataka nisimulie miti yake iliyokufa.

Wangari alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, wilaya ya Nyeri. Baba yake, Muta, alikuwa dereva na fundi wa magari katika shamba la mzungu karibu na Nakuru, kwa hivyo miaka yake ya kwanza aliila huku huku kwetu katika Bonde la Ufa. Mwaka 1947 mama yake alirudi naye Nyeri. Siku hizo si kila msichana alipelekwa shule. Ndugu yake mkubwa, Nderitu, ndiye aliyemwuliza mama yao mbona Wangari hasomi kama wengine. Mama akafikiri, akaona kwamba hakuna sababu, akampeleka. Wasichana wenzangu, nalipenda sana jambo hili. Maisha makubwa namna ile yalifunguliwa na swali dogo la kijana mmoja aliyejali dada yake.

Karibu na kwao palikuwa na mti mkubwa wa mugumo. Mama yake alimkataza kuokota kuni chini ya mti huo, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Hatua chache kutoka pale palikuwa na chemchemi. Wangari mdogo aliketi kando ya maji akijaribu kuinua mayai ya chura, akitaka kuyavaa shingoni kama shanga, na kila akiyashika yakamponyoka. Alipokuwa mtu mzima na mwanasayansi alielewa kuwa yale makatazo ya wazee yalikuwa na maana. Mizizi ya mugumo huingia chini sana, hupasua mwamba na kuyafungulia maji njia ya kupanda juu. Ukiuheshimu mti, umelinda chemchemi.

Alisoma Ihithe, kisha kwa masista wa Mathari huko Nyeri, na baadaye shule ya wasichana ya Loreto, Limuru, ambako alimaliza mwaka 1959. Mwaka 1960 alikuwa miongoni mwa vijana wa Kenya waliopelekwa Marekani kusoma kwa ule mpango wa ndege uliosaidiwa na jamaa ya Kennedy. Alisoma elimu ya viumbe katika jimbo la Kansas, akapata shahada ya kwanza mwaka 1964, kisha akapata ya pili katika chuo kikuu cha Pittsburgh. Mwaka 1966 akarudi nyumbani, barua ya kazi mkononi. Alipofika Nairobi aliambiwa kazi ile amepewa mtu mwingine. Hebu fikiria! Umetoka ng'ambo na cheti chako, nyumbani wanakungoja kwa nderemo, halafu huna kazi. Hakurudi Marekani. Alitafuta tena, akapata nafasi katika idara ya elimu ya mwili wa wanyama, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamifu.

Sasa tuje kwa miti. Katika miaka ile ya 1970 Wangari alikuwa akizuru mashambani, na aliporudi kwao Nyeri aliona mito imebadilika rangi kwa udongo. Akawasikia wanawake wakilalamika kwamba kuni ziko mbali, maji hayatoshi na watoto hawali vizuri. Kisha akakuta kwamba ule mugumo wa utotoni mwake umekatwa. Aliyekuwa amelipata shamba lile aliona mti unamjazia nafasi, akauangusha. Je, unajua alitaka kupanda nini? Chai. Na ile chemchemi ikawa imekauka.

Nilipofika hapo nilikiweka kitabu kando. Mimi ni mtoto wa chai. Karo yangu ni chai, sare yangu ni chai, na bonasi ikija ndipo tunanunua viatu. Siwezi kusema chai ni adui. Lakini nyuma ya nyumba yetu kuna kijito, na kando yake kuna mikaratusi iliyopandwa kwa ajili ya kuni za kiwanda. Kila mtu nyumbani anajua kijito hicho hakijai kama zamani. Mti huo wa kigeni hunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Mambo ya Nyeri yakawa kama yamehamia uani kwetu.

Wangari hakuanza kwa ushindi. Mwaka 1974 mume wake, Mwangi Mathai, alipokuwa akigombea ubunge, aliwaahidi watu kazi. Baada ya kura Wangari aliona aibu ahadi ikipotea hewani. Akaanzisha kampuni ndogo ya kuwaajiri watu maskini wapande miti na kutunza bustani za matajiri. Kampuni haikwenda. Mwaka 1975 alipeleka miche yake kwenye maonyesho ya Nairobi. Watu wakaitazama, wakaisifu, wakaenda zao. Mwaka 1976 alisafiri kwenda Kanada kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu makazi, na huku nyuma miche ikakosa maji na matunzo, mingi ikafa.

Mwingine angeacha. Mimi ningeacha. Yeye alilipeleka wazo lile kwa Baraza la Wanawake la Kenya, na tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, wakaandamana hadi uwanja wa Kamukunji, Nairobi, wakapanda miti saba ya kuwakumbuka mashujaa saba wa jamii mbalimbali za Kenya. Hiyo ndiyo siku inayohesabiwa kuwa mwanzo wa harakati za Ukanda wa Kijani. Je, miti ile saba ilikuwaje? Mitano ilikufa. Ilibaki miwili.

Msomaji, kumbuka hesabu hiyo. Saba kutoa tano, mbili. Ungekuwa mtihani, angekuwa amefeli vibaya sana.

Lakini sikiliza alichojifunza. Aligundua kwamba miti haifi kwa sababu watu ni wabaya. Hufa kwa sababu mpandaji ameondoka na hakuna aliyebaki kuiona kuwa ni yake. Kwa hivyo akawaendea wanawake wa vijijini, wale wenye shida ya kuni na maji. Wataalamu wa misitu walimcheka, wakisema kupanda miti ni kazi ya waliosomea. Mkuu wa misitu alifurahishwa na mpango wake wa mamilioni ya miti, akamwambia achukue miche bure kadiri apendavyo, akidhani hatamaliza. Haukupita muda mrefu akabadili maneno, kwa sababu wanawake waliichukua ikawa haitoshi! Ndipo wakaanza kuotesha miche yao wenyewe. Walikusanya mbegu za miti ya kienyeji, wakatumia vyungu vilivyovunjika na makopo, wakaviweka juu mahali mbuzi hawafiki.

Halafu kulikuwa na malipo. Kila mwanamke alilipwa pesa kidogo, senti chache tu kwa kila mche. Lakini hakulipwa siku ya kupanda. Alilipwa baada ya miezi kadhaa, mche ukikaguliwa na kuonekana kuwa uko hai. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo akili kubwa kuliko zote katika maisha ya mama huyu. Hakuhesabu mashimo yaliyochimbwa wala picha zilizopigwa. Alihesabu miche iliyoishi. Kwa hesabu hiyo, kufikia mwaka 2004 wanawake wale walikuwa wamepanda miti zaidi ya milioni 30. Haba na haba hujaza kibaba.

Usidhani kwamba maisha yake mengine yalikuwa mteremko. Ndoa yake ilivunjika, na talaka ikatolewa mwaka 1979. Kwa kumkosoa hakimu alihukumiwa miezi sita, akalala gerezani Lang'ata siku tatu kabla ya kuachiliwa. Mume akamtaka aache kutumia jina lake. Wangari akaongeza herufi moja tu, Mathai likawa Maathai, na jina likawa lake mwenyewe. Sisi wa chama cha Kiswahili tunaopigana na tahajia kila siku tunajua herufi moja inaweza kufanya nini. Mwaka 1982 aliacha kazi ya chuo kikuu ili agombee ubunge, akazuiwa kugombea, na alipotaka kurudi kazini akakuta mlango umefungwa. Akiwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini, mama wa watoto watatu, hakuwa na kazi wala nyumba ya chuo. Ndipo akaigeuza miti ikawa kazi ya maisha.

Mwaka 1989 serikali ya wakati huo ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Wangari aliandika barua kwa kila aliyehusika, ndani na nje ya nchi. Bungeni alitukanwa, akachekwa hata kwa kuachwa na mume. Shirika lake lilifukuzwa ofisini, likahamia nyumbani kwake. Mwishowe wenye fedha wa ng'ambo walijitoa na jumba halikujengwa. Mwaka 1992 alikuwa pamoja na akina mama waliogoma kula katika bustani hiyo hiyo wakidai wana wao waliofungwa kwa siasa waachiliwe. Polisi wakawapiga, naye akazirai. Bonde la Ufa lilipowaka kwa vita vya kikabila mwanzoni mwa miaka ile, alizunguka akihimiza jamii zilizopigana zioteshe na kupanda miti ya amani. Januari 1999 alikwenda kupanda mti katika msitu wa Karura, ambao wakubwa walikuwa wamegawiana. Walinzi wakamshambulia, akapasuliwa kichwa. Mwaka huo huo serikali ikatangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Leo Karura ni msitu ambao watu huenda kutembea na watoto wao.

Sasa nifikie lile jambo nililotangulia kulitaja. Jumapili moja mjomba wangu alikuja kututembelea. Aliponikuta naandika akaniuliza naandika kuhusu nani. Nilipotaja jina, akaweka kikombe chini, akanyamaza. Mama akaniashiria kwa macho ninyamaze. Mimi sikuelewa, kwa kuwa nilikuwa mdogo mno mambo hayo yalipotokea.

Mjomba na jamaa yake walikuwa wakiishi ndani ya msitu wa Mau. Alikuwa amenunua kipande cha shamba kwa pesa za ng'ombe wake, akawa na karatasi, akalima viazi na mahindi. Mwaka 2001 serikali ilikuwa imetangaza kutoa zaidi ya hekta 67,000 za misitu ya nchi, sehemu kubwa ikiwa ya Mau. Wangari alipinga tangazo hilo. Machi mwaka huo alikamatwa na polisi akikusanya sahihi za kulipinga. Baadaye, mwaka 2009, watu walipotolewa Mau, yeye alikuwa miongoni mwa waliosimama kidete kutaka msitu urudi kuwa msitu. Mjomba alitoka na watoto wadogo, wakakaa kando ya barabara chini ya karatasi za plastiki, mvua ikiwanyeshea. Kwake yeye, jina la Wangari halina ladha ya tuzo. Lina ladha ya ile mvua.

Nilitaka kuacha makala haya. Nilijiuliza nitamsifuje mtu ambaye mjomba wangu hawezi kumtaja. Nikakaa siku mbili bila kuandika neno. Kisha mjomba mwenyewe, kabla hajaondoka, akaniambia kitu bila mimi kumwuliza. Alisema walipoingia msituni, kijito walichojenga karibu nacho kilimfika magotini. Walipotoka, watoto walikuwa wakikiruka. Hakusema zaidi. Hakumsifu Wangari, wala mimi sikumlazimisha. Aliyatamka tu, akachukua kofia yake akaenda.

Nimeyafikiria sana maneno hayo. Mau ndio unaotunyeshea sisi. Nyangores na Amala hutoka huko zikaungana kuwa mto Mara. Maji ya mto Sondu hutoka huko pia. Ule ukungu wa asubuhi unaoifanya chai yetu kuwa chai ni mtoto wa msitu huo. Kwa hivyo Wangari alikuwa na haki kuutetea. Na mjomba alikuwa na haki ya kutendewa kama binadamu, si kutupwa kando ya barabara. Yote mawili ni kweli, na anayetaka nichague moja tu atanisamehe. Waliougawa msitu kwa siasa hawakulala chini ya plastiki hata usiku mmoja. Nimejifunza pia kwamba mtu mkubwa si lazima apendwe na kila mtu ndipo tujifunze kwake.

Nimalizie safari yake. Mwaka 2002 watu wa Tetu walimchagua kuwa mbunge kwa kura nyingi ajabu, na mwaka uliofuata akawa waziri msaidizi wa mazingira. Tarehe 8 Oktoba 2004 alikuwa njiani kutoka Nairobi kwenda Nyeri alipopata simu kwamba ameshinda tuzo ya amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Unadhani alifanya nini? Aliposimama hotelini Nyeri aliomba mche, akapiga magoti, akapanda mti akiutazama mlima Kenya. Nao ulikuwa ule mti wa maua mekundu kama moto, ambao Waingereza waliupa jina la jirani zetu Wanandi. Mwaka 2007 alishindwa katika uchaguzi, akaendelea na miti yake. Alifariki dunia tarehe 25 Septemba 2011 kwa ugonjwa wa saratani, akiwa na miaka 71. Alikuwa ameagiza kwamba mti usikatwe kwa ajili ya jeneza lake. Basi likatengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji, naye akaagwa katika ile ile bustani ya Uhuru ambayo alikuwa ameiokoa.

Je, rafiki yangu wa dawati nimempatia jibu? Nitajaribu. Ni kweli miche yetu haiwezi kuzima viwanda vya ng'ambo, na wenye viwanda lazima wabebe mzigo wao. Tusiwaachilie. Lakini mti wa kienyeji ulio kando ya kijito hushika udongo na kulinda maji ya hapa hapa, hata kama dunia haijajirekebisha. Mvua kubwa zikija, kama zile za Aprili na Mei 2024 zilizoua watu wengi nchini, mteremko wenye mizizi si sawa na mteremko mtupu. Hiyo si ndoto, ni faida ya kwetu. Na jambo la pili ni hili. Nilikuwa nadhani kwamba matumaini ni hali ya moyo, kwamba mtu huamka nayo au haamki nayo. Kwa Wangari nimeona kwamba matumaini ni kazi. Alipoteza miche ya mwaka 1976, akapoteza mitano kati ya saba mwaka 1977, kisha akarudi kuuliza mbona imekufa, akabadili njia, akapanda tena. Huenda kuna asubuhi nyingi alizoamka amevunjika moyo. Lakini aliinuka akaenda kumwagilia maji.

Sasa nina neno kwetu sisi wenyewe, na mnisamehe wakubwa kama nitavuka mpaka. Mwaka jana tulipanda miche 60 nyuma ya uwanja wa mpira. Tulipigwa picha, tukapiga makofi, tukaenda nyumbani. Juzi nilikwenda na rafiki yangu yule yule wa dawati tukaihesabu. Iliyo hai ni 11. Mingine ililiwa na mbuzi, mingine ilikauka wakati wa likizo, mingine ilikanyagwa na sisi wenyewe tukifuata mpira. Rafiki yangu aliniambia kuwa hayo ndiyo aliyokuwa akisema, ni kazi bure. Nikamkumbusha kuhusu Kamukunji. Kumi na moja kati ya sitini si mbali sana na mbili kati ya saba. Naye Wangari alipoanzia ndipo sisi tulipo.

Kwa hivyo naomba chama chetu kifanye jambo moja dogo. Sisi ni wanafunzi wa kutwa, kila siku tunapita mito na vijito tukija na kurudi. Kila mwanachama apewe mche mmoja wa kienyeji, aubebe, aupande mahali anapopita kila siku, aujengee uzio wa vijiti, na wakati wa likizo asiusahau. Gazeti la mwaka ujao lisiandike tumepanda mingapi. Liandike ni mingapi iliyo hai. Ikiwa ni michache tutaona haya, tutauliza sababu, tutapanda tena.

Wangu tayari nimeupanda, pale kijitoni nyuma ya nyumba, mbali kidogo na ile mikaratusi. Baba alinitazama nikichimba, asiseme kitu, kisha akaniletea samadi kwenye ndoo. Una majani manne. Nitawaletea habari zake.

 Kalamu naiweka chini.